Slivu, baipasi, SADI na bendi: tulinganishe matokeo ya mwaka wa tano na wa kumi, siyo ya mwezi wa sita

#1 Mizani_Wima

Habari zenu wakuu.

Swali la operesheni za kupunguza uzito, "ipi inapunguza zaidi, slivu au baipasi", linarudi kila mara, na majibu yake huwa ni picha za mwezi wa sita. Mwezi wa sita kila operesheni inapendeza: njaa imekata, vijiko vitano mtu ameshiba, kilo zinaporomoka. Tofauti zinaanza kujionyesha mwaka wa tatu kwenda mbele, na sehemu kubwa haipo kwenye mizani. Ipo kwenye umio, kwenye damu na kwenye utumbo. Uzi huu nautaka uwe wa huko.

Kwanza tuelewane kipimo, maana hapa wengi wanapigwa chenga. Kuna asilimia ya uzito wote uliopungua, na kuna asilimia ya uzito wa ziada uliopungua, yaani ule uliozidi BMI ya 25 (BMI ni kilo zako ukigawanya kwa urefu wa mita mara urefu). Chukua watu wawili wenye urefu wa mita 1.65. Kwa urefu huo BMI ya 25 ni kilo 68. Wa kwanza ana kilo 120, akapoteza 30: hiyo ni asilimia 25 ya uzito wote, na asilimia 58 ya uzito wa ziada (30 kwa 52). Wa pili ana kilo 160, akapoteza 40: uzito wote ni asilimia 25 ileile, ila uzito wa ziada ni asilimia 43 tu (40 kwa 92). Operesheni imewafanyia kazi sawasawa, lakini ukiandika kwa uzito wa ziada wa pili anaonekana amefeli.

Kwa hiyo ukikutana na "asilimia 70", uliza: ya nini? Mwaka wa ngapi? Na waliopotea kwenye ufuatiliaji ni wangapi? Ukihesabu waliorudi kliniki peke yao, wastani unapendeza kuliko ukweli.

Wenye fani karibuni.

#2 Mkasi_na_Nyuzi

Mkuu umeanza vizuri. Nitaje zinavyofanyika kwa kifupi, kwa sababu matokeo yote yanatoka hapo.

Slivu: mfuko wa chakula unakatwa kwa urefu na asilimia 75 hadi 80 inatolewa nje kabisa. Anayetoa dawa ya usingizi anapitisha bomba la kipimo mdomoni hadi ndani ya mfuko, kwa kawaida namba 36 hadi 40 (namba 36 ni milimita 12), na stepla inapita kando yake kuanzia sentimita 4 hadi 6 kutoka mlango wa kutokea. Kinachobaki ni mrija mwembamba. Sehemu ya juu inayotolewa ndiyo inayozalisha ghrelini kwa wingi, homoni ya njaa, ndiyo maana njaa hukata mapema.

Baipasi ya kawaida, ya Roux-en-Y: unatengenezwa mfuko mdogo wa mililita 30 hivi, unaungwa na utumbo mwembamba. Utumbo unaobeba nyongo na juisi za kongosho unaachwa kama sentimita 50 hadi 100, unaobeba chakula sentimita 100 hadi 150, kisha vinakutana chini. Mfuko mkubwa haujatolewa, umebaki ndani bila kupitiwa na chakula.

Sasa namba. Utafiti wa mtandao wa PCORnet wa Marekani, uliotoka 2018 na kuhusisha watu zaidi ya 40,000, ulipata kwa uzito wote: mwaka wa kwanza baipasi asilimia 31.2, slivu 25.2, bendi (mkanda unaofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula) 13.7. Mwaka wa tano baipasi 25.5, slivu 18.8, bendi 11.7. Zote zinarudisha kiasi, na baipasi inabaki mbele. Ila siku 30 za mwanzo ubao unageuka: matatizo makubwa yalikuwa asilimia 5.0 kwa baipasi na 2.6 kwa slivu.

#3 Mwanatakwimu_wa_Kona

Nakazia, ila huo ni utafiti wa kumbukumbu za hospitali. Mgonjwa na daktari wake walichagua wenyewe, kwa hiyo waliopata baipasi na waliopata slivu hawakuwa watu wa aina moja. Tazama na tafiti zile ambazo watu walipangiwa operesheni kwa bahati nasibu.

SLEEVEPASS ya Finland, watu 240. Mwaka wa 10 uzito wa ziada uliopungua ulikuwa asilimia 43.5 kwa slivu na 50.7 kwa baipasi. SM-BOSS ya Uswisi, mwaka wa tano: asilimia 61.1 ya BMI ya ziada kwa slivu, 68.3 kwa baipasi, na kitakwimu hawakuweza kusema tofauti hiyo ni ya uhakika.

Yaani kwenye kilo pekee baipasi inaongoza kwa pointi 7 hivi za uzito wa ziada. Kwa yule mtu wa kilo 120 wa mleta uzi, pointi 7 za kilo 52 hazifiki hata kilo 4. Mtu akichagua operesheni ya maisha kwa sababu ya kilo 4 na hakuuliza kingine chochote, hajasaidiwa na aliyemshauri.

#4 Bi_Kamera

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Kitu cha kuuliza ni KIUNGULIA.

Slivu ni mrija wenye shinikizo. Chini kuna mlango wa kutokea unaobana, juu kuna mlango wa umio ambao nyuzi zake za misuli zinaweza kuguswa na stepla ikipita karibu mno, na ile kona iliyokuwa inazuia asidi kupanda imeondolewa. Mrija hautanuki kama mfuko wa zamani, kwa hiyo kilichomo kinasukumwa juu. Baipasi ni kinyume: mfuko mdogo unatoa asidi kidogo, na nyongo inaingia mbali huko chini.

Kwenye SM-BOSS, kati ya waliokuwa na kiungulia kabla ya operesheni, kilizidi kwa asilimia 31.8 ya watu upande wa slivu, dhidi ya 6.3 upande wa baipasi. SLEEVEPASS ya mwaka wa 10 walipiga kamera, ile inayopitishwa mdomoni: michubuko ya umio asilimia 31 kwa slivu, 7 kwa baipasi. Badiliko la Barrett, lile linaloweza kuelekea saratani, lilikuwa asilimia 4 pande zote, na hilo limepunguza hofu iliyokuwepo miaka ya nyuma. Lakini michubuko bila dalili ipo, kwa hiyo kusema "sisikii moto kifuani" hakutoshi. Baada ya slivu kamera inatakiwa ipigwe tena hata kama mtu hajisikii chochote. Baadhi ya wataalamu wanapendekeza mwaka wa tatu, kisha kwa vipindi.

Na kabla ya operesheni kamera inajibu maswali matatu: kuna ngiri ya kiwambo (mfuko kupanda kifuani)? Kuna michubuko? Kuna H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo)? Mwenye michubuko mikali au Barrett tayari, slivu si yake. Sioni mjadala hapo.

#5 Mkasi_na_Nyuzi

Dada umesema kweli. Niongeze kuhusu slivu kuvuja, maana watu wanaiona ni operesheni "ndogo".

Inavuja kwa nadra, kama mtu mmoja kwa mia, na karibu kila mara ni juu kabisa, pembeni ya umio. Kwa nini huko? Ukuta ni mwembamba, damu inafika kidogo, na shinikizo la mrija mzima linapiga pale. Mara nyingi chanzo kipo chini: mpasuaji amebana sana pale mfuko unapopinda, au mrija umejisokota. Ukiziba tundu la juu bila kufungua mbano wa chini, litatoboka tena. Ndiyo sababu bomba la kipimo lisiwe jembamba mno. Mabomba ya namba 40 kwenda juu yanahusishwa na kuvuja kidogo zaidi, na kilo haziathiriki sana.

Dalili ya mapema siyo tumbo kuwa gumu. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa tumbo huchelewa kusema. Ni mapigo ya moyo: yakizidi 120 kwa dakika na hayashuki, hata kama anaongea vizuri na homa hana, chukulia inavuja hadi ithibitishwe vinginevyo. CT skani ikiwa safi na mapigo bado yapo juu, anarudishwa chumba cha upasuaji kuangaliwa kwa macho.

#6 Sukari_Sawa

Upande wa kisukari aina ya pili picha inabadilika kidogo.

Utafiti wa STAMPEDE (Cleveland, matokeo ya miaka mitano, 2017) uliweka lengo kali, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) ya 6.0 au chini. Waliofika: dawa peke yake asilimia 5, slivu 23, baipasi 29. Finland mwaka wa 10, kisukari kilichotulia kilikuwa asilimia 26 kwa slivu na 33 kwa baipasi. Wale wa Roma waliofuatilia watu 60 miaka 10 walipata asilimia 50 kwa operesheni ya zamani ya kugeuza nyongo na kongosho, 25 kwa baipasi, 5.5 kwa dawa.

Maana yake: kadiri chakula kinavyoruka utumbo mrefu zaidi, sukari inatulia zaidi. Lakini kinachoamua kuliko aina ya operesheni ni umri wa ugonjwa wenyewe. Mwenye miaka miwili ya kisukari na kidonge kimoja ana nafasi nzuri kwa operesheni yoyote. Mwenye miaka 15 na insulini, kongosho lake limechoka. Atapunguza dozi, kupona asiahidiwe. Na hata aliyetulia asiache kupima macho na figo, kwa sababu wengi ugonjwa unawarudia.

Makosa ya dawa ninayotaka yaandikwe hapa waziwazi:

- Vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini (glibenklamidi, gliklazidi na wenzao) vinaachwa siku ya operesheni. Mtu anakula vijiko vitano na kidonge cha sahani nzima, sukari inashuka hadi anazimia.
- Dawa za kundi la glifozini (zile zinazotoa sukari kwa mkojo) zinasimamishwa siku 3 hadi 4 kabla. Zinaweza kuleta asidi ya ketoni kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha kawaida, na watu wakadanganyika.
- Metformini ya kuachia polepole ibadilishwe iwe ya kawaida. Baada ya baipasi kidonge kinapita kabla hakijamaliza kazi.

#7 Lishe_Kwanza

Asanteni. Sasa SADI na baipasi ya mshono mmoja, maana hizi ndizo zinazopigiwa debe siku hizi kwa kilo.

Baipasi ya mshono mmoja inaunganisha mfuko mrefu mwembamba na utumbo mara moja tu. Ni ya haraka na inapunguza vizuri. Utafiti wa YOMEGA wa Ufaransa (2019) uliiweka na sentimita 200 za utumbo unaorukwa dhidi ya baipasi ya kawaida. Mwaka wa pili kilo zilikuwa sawa. Matukio makubwa mabaya yalikuwa 42 kwa mshono mmoja dhidi ya 24 kwa ya kawaida, na ya lishe 9 dhidi ya SIFURI. Kilo zilezile, gharama zaidi mwilini. Wengi sasa wanashuka kwenye sentimita 150, na hilo ni jambo la kumuuliza mpasuaji kwa namba: "Utaruka sentimita ngapi, na utapima utumbo wote uliobaki?" Utumbo mwembamba unatofautiana sana kati ya mtu na mtu, kuanzia mita 4 hivi hadi zaidi ya 8. Ukiruka mita 2 kwa mwenye mita 4 umemwachia nusu.

SADI ni slivu na juu yake utumbo unaungwa chini ya mlango wa kutokea, ukiacha mita 2.5 hadi 3 za kufyonza. Ile ndefu zaidi, ya kubadili njia ya duodenamu, inaacha sehemu ya pamoja ya mita 1 hivi. Hizi ndizo zinazoongoza kwa kilo na kwa sukari, uzito wote unaweza kushuka asilimia 35 hadi 40. Ndizo pia zinazoongoza kwa choo cha mafuta, upungufu wa protini na upofu wa usiku kwa kukosa vitamini A. Mtu asiyeweza kupima damu mara kwa mara maisha yake yote, hizi zisiguswe kwake.

Dozi za kila siku, kwa slivu na baipasi zote mbili:

- protini gramu 60 hadi 80, inaliwa kwanza kabla ya kitu kingine sahanini
- vitamini B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 za kumeza, au sindano ya 1,000 kila mwezi
- madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi
- kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 (1,800 hadi 2,400 kwa zile ndefu), imegawanywa mara 2 au 3
- vitamini D yuniti 3,000, kisha irekebishwe kwa kipimo
- zinki ikipewa, iende na shaba: miligramu 8 hadi 15 za zinki kwa 1 ya shaba

Kalsiamu na chuma vikae mbali kwa saa mbili, vinginevyo vinazuiana. Kalsiamu iwe ya sitreti, kwa sababu ile ya kaboneti inataka asidi ambayo mfuko mdogo hauna. Hilo la zinki na shaba watu wanalidharau: zinki nyingi bila shaba inamaliza shaba, mtu anaanza kuyumba akitembea, anapewa B12 kwa miezi na haponi.

#8 Nesi_wa_Zamu

Mkuu Lishe umesahau ya hatari kuliko zote, vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Mtu amefanyiwa slivu, anatapika wiki ya tatu, anafika mapokezi amekauka. Mkono wa kwanza unatundika dripu ya glukosi. Ile glukosi inamaliza B1 kidogo iliyobaki, na kesho yake macho yanachezacheza, anayumba, amechanganyikiwa. Ubongo unaweza usirudi. Sheria ni moja: aliyefanyiwa operesheni ya uzito akitapika mfululizo, B1 ya mshipa INATANGULIA, glukosi inafuata. Ndugu wanaomleta walijue hili na walitamke mapokezini.

Na nyongo: kilo zikishuka haraka vijiwe vinatengenezwa. Asido ya ursodeoksikoli, miligramu 500 kwa siku kwa slivu, 300 mara mbili kwa baipasi, miezi 6.

#9 Mwanatakwimu_wa_Kona

Kwa ufupi kuhusu zilizobaki. Bendi imeachwa karibu kila mahali kwa sababu inateleza, inakula ukuta wa mfuko, na wengi wanaishia kuitoa. Kushona mfuko kwa kamera bila kukata: utafiti wa MERIT (2022) ulipata asilimia 13.6 ya uzito wote kwa mwaka. Sindano ya semaglutaidi kwenye utafiti wa STEP 1 ilifika 14.9 kwa wiki 68, na ya tirzepataidi ya dozi kubwa 20.9 kwa wiki 72. Kwa hiyo anayefikiria kushonwa kwa kamera aweke sindano mezani pia. Tofauti ni kwamba sindano ikiachwa uzito unarudi.

Na vifo, kwa sababu hilo linaulizwa kimyakimya. Utafiti wa Sweden wa SOS, ulioanza 1987, ulikuta waliofanyiwa operesheni wanaishi wastani wa miaka 3 zaidi ya wenzao wa uzito uleule waliotibiwa kawaida.

#10 Mkereketwa_wa_Slivu

Naomba kupinga kidogo mwelekeo wa uzi. Mnaichora slivu kama kosa. Haina mshono wa utumbo kwa utumbo, kwa hiyo haina ngiri ya ndani (utumbo kupenya kwenye nafasi zinazoachwa na baipasi). Kidonda cha mshono ni nadra sana. Dawa zinafyonzwa karibu na kawaida. Mgonjwa wa baridi yabisi anayehitaji ibuprofeni au diklofenaki kila siku, mtu wa figo iliyopandikizwa, mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), aliyewahi kupasuliwa utumbo ukashikana: hawa wote baipasi inawaumiza. Na ukishindwa na slivu unaweza kuigeuza iwe baipasi.

#11 Bi_Kamera

Kaka, hoja zako nazikubali zote isipokuwa ya mwisho, kwa sababu inauzwa kama bima. Kugeuza slivu iwe baipasi kwa ajili ya kiungulia kunafanya kazi vizuri. Kugeuza kwa ajili ya kilo zilizorudi kunaleta faida ndogo, na operesheni ya pili daima ina hatari kuliko ya kwanza. Mtu aambiwe hivyo kabla, siyo mwaka wa sita.

Na mvutaji sigara asipewe baipasi hadi aache. Sigara, dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na H. pylori ndivyo vinavyochimba kidonda pale mfuko unapokutana na utumbo.

#12 Mizani_Wima

Nimejifunza. Swali langu la mwisho: ngiri ya ndani imetajwa. Mtu wa baipasi, mwaka wa tatu, kilo zimekwenda vizuri, anapata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka baada ya kula, CT imesoma kawaida. Afanye nini?

#13 Mkasi_na_Nyuzi

Mkuu, asirudishwe nyumbani na dawa ya vidonda. Baipasi inaacha nafasi mbili: pale matumbo yalipoungwa, na nyuma ya utumbo uliopandishwa, inayoitwa ya Petersen. Mafuta ya ndani yakiyeyuka nafasi zinapanuka na utumbo unachungulia. Utafiti wa Sweden wa 2016 ulionyesha kuzishona nafasi hizo wakati wa operesheni ya kwanza kunapunguza kurudi kupasuliwa kwa utumbo kuziba, kutoka asilimia 10.2 hadi 5.5 ndani ya miaka mitatu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpasuaji kabla: "Nafasi zote mbili utazishona, na kwa uzi usioyeyuka?" Kuna gharama yake ndogo, mshono ukivuta vibaya utumbo unajikunja siku za mwanzo, lakini hesabu bado inaegemea kushona.

CT inaweza kukosa kwa sababu utumbo unaingia na kutoka. Anayeisoma atafute mishipa ya mafuta ya utumbo iliyojizungusha kama kimbunga, na aambiwe wazi kwamba mgonjwa ana baipasi. Kipimo kikiwa safi na maumivu yanarudi, anaangaliwa ndani kwa matundu madogo, kwa mpango, kabla utumbo haujafa.

Na ndani, mpasuaji asianzie juu. Huko utumbo umevimba, umejisokota, unachanika ukiushika. Aanzie pale utumbo mwembamba unapoingia mpana, ambapo umenywea na njia inajulikana, aurudishe nyuma kipande kwa kipande, sentimita kumi kwa kumi. Mara nyingi ngiri inajifungua yenyewe mkononi, na kinachobaki ni tundu la kushona.